Kiwiko cha Safta

Wifi yangu Safta amechora sahani hapa kijijini Olari tangu akiwa msichana wa suka mbili. Kwetu wanaume hufinyanga, wanawake huchora, na yeye hajawahi kuacha sahani na upenyo wa kidole. Basi huyo ndiye aliyetakiwa kuacha nusu ya sahani tupu.

Aliyetaka hivyo ni Ilinca, msanifu wa vyombo kutoka Bucharest. Aliagiza mstari mmoja wa kijani, uanzie katikati, uzunguke kama konokono, ukatike njiani. Alisema atarudi Jumamosi; akiridhika, atatupa kazi ya tanuri zima kila msimu. Asiporidhika, Nelu, mwana wa Safta, ataling'oa tanuri la marehemu kaka yangu ajenge banda la gari. Nyundo ilishakaa mlangoni.

Jumamosi ilitukuta hatuna hata sahani moja kama alivyoagiza. Safta anakanyaga gurudumu, anainamisha pembe ya ng'ombe iliyojaa rangi, rangi inachuruzika kupitia unyoya wa bata bukini uliochomekwa nchani, na mkono unakwenda mpaka ukingoni. Kila mara.

"Mkono haunisikii, Varvara," akaniambia.

Zilibaki sahani mbili mbichi. Gari la Ilinca likasikika likipanda kilima.

"Nishike kiwiko. Nikifika nusu, vuta."

Nikavuta mapema, rangi ikaanguka ikawa doa.

"Mama, hiyo ya kulishia kuku," akasema Nelu, kaegemea mlango.

"Kuku wangu wana adabu kuliko wewe. Nyamaza."

Kwa sahani ya mwisho sikuitazama rangi. Nilitazama bega lake. Tumeketi pamoja miaka mingi. Najua hupanda kidogo kabla mkono haujaingia mzunguko mpana. Likapanda. Nikavuta. Mstari ukakatika, ukabaki na kimkia kimechongoka kwenda juu.

Ilinca aliingia, akaipeleka dirishani. Akaigeuza kwenye mwanga.

"Mkia huu sikuuagiza mimi," akasema. "Hautoki?"

"Rangi ikishagusa udongo, imegusa," Safta akamjibu.

Nelu akaushika mpini wa nyundo. Ilinca akaigeuza sahani tena, polepole.

"Basi zote ziwe nao."

"Ujue basi unaagiza kwa wawili," akasema Safta. "Mwenye mkia ni huyu wifi yangu."

Nikanyoosha mgongo. Nelu aliirudisha nyundo ghalani. Gari lake linalala nje mpaka leo, na theluji ikianguka hutoka na ufagio kulifagia, akininunia mimi shangazi yake.