Lengalenga na Mashine ya Pumzi

Mama yangu anakohoa tangu nilipopata akili, na kwetu Rumonge kikohozi chake kilitumika kama saa: kikianza, majirani wanajua ameamka na moto umewaka. Anachemsha mawese uani, kwenye pipa, na moto anaulisha makapi ya ngazi, zile chikichi zilizokamuliwa. Moshi wa makapi mabichi hauna adabu. Mwaka huu kikohozi kikaongeza filimbi, nikamburuta hospitali.

Huko daktari alikuwa na mashine ndogo ya kupuliza. Alitueleza taratibu: njia za hewa zikivimba kwa pumu ya namna fulani, pumzi hutoka na gesi nyingi, na namba ya mashine hupanda. Ikipanda, kuna dawa ya kuvuta mdomoni. Ikiwa chini, basi mkosaji huenda ni moshi, na dawa ya moshi ni kuukimbia. Mama alisikia jambo moja tu: namba kubwa, pipa linabaki.

Akapuliza. Namba ikapanda sana. Mama akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

"Murakoze, dogiteri. Iko pumu. Moshi haina makosa."

Daktari akamuuliza asubuhi amekula nini. Mama, ambaye kwake hospitali haiendwi na tumbo tupu, akataja sahani kubwa ya lengalenga. Daktari akaweka mashine chini. Mboga za majani, alisema, hupandisha namba ile hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Turudi Alhamisi, bila mboga.

Hapo nikaanza kuogopa. Namjua mama yangu. Lengalenga zetu ziko nyuma ya jiko, na sasa daktari mwenyewe alikuwa amemfundisha jinsi ya kulitetea pipa lake.

Lakini Alhamisi mama hufunga. Jumatatu na Alhamisi, sunna, tangu sijazaliwa. Iwe mafua, iwe harusi, hafungui. Alikuwa amepanga kula lengalenga wakati wa daku, usingizi ukampitia. Asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya mboga, mikono nyuma, anazitazama tu. Kisha akajitanda mtandio, tukaenda.

Namba ilikuwa chini. Aliomba apulize tena, ikabaki palepale. Daktari akamsikiliza kifua, akampima na mengine, akasema lile tulilolijua: aondoke kwenye moshi.

"Ile ya juzi ilikuwa muzuri," mama alimwambia, bila hasira.

Jioni alifuturu kwa lengalenga kabla ya tende. "Hizi peke yake ndizo zilikuwa upande wangu," alisema. Kisha akalia, na mimi nikalia, maana pipa lile ndilo lililotulea. Kesho yake akanikabidhi mwiko.

Sasa anakaa barazani, mbali na moto, ananikosoa. Kikohozi chake kimepungua, jambo analomlaumia daktari. Mimi ndiye ninayekoroga. Wiki iliyopita kifua changu kilipiga filimbi, kidogo tu. Nikamwambia kesho nitakwenda kupuliza.

Asubuhi nilimkuta jikoni, amesharudi kutoka nyuma ya jiko, ungo mtupu kando yake. Sufuria ilikuwa imeshaepuliwa. Akaniwekea sahani ya lengalenga, ikajaa hadi ukingoni, akakaa mbele yangu.

"Kula yote, mutoto wangu."

Nikala yote.