Mama Mkwe Apanda Mnara

Dalmas alikuwa mtunza bustani karibu na Mountain View, kwenye shamba la zamani lenye mnara wa mawe uliojengwa enzi za wakoloni kubeba tangi la maji. Mwaka wa 2004 watu walikuja Jumapili kuupanda waone jiji, naye ndiye aliyewapandisha. Domo lake! Angekuonyesha jumba refu la KICC kule katikati ya jiji kana kwamba aliijenga yeye.

Jumapili moja domo lilikauka. Mkewe, Nanjala, alifika na mamake kutoka Webuye. Kwao Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawagusani wala hawatazamani usoni, na mama haingii nyumba ya mkwewe kabla ya kualikwa rasmi. Mama alikuwa amefikia kwa mpwawe huko Uthiru, na kesho yake alikuwa anarudi. Alitaka aone anapoishi bintiye mtaani Kangemi, hata kama ni paa tu, maana aliambiwa watu wa huko wanalala juu ya mitaro. Wasiwasi ulikuwa umemkondesha.

Nanjala alikuwa na mimba kubwa, hakuweza kupanda.

"Mpeleke wewe," alimwambia mumewe.

"Na vile hiyo ngazi ni nyembamba?"

"Utajua wewe. Mama hawezi rudi nyumbani na hiyo roho."

Dalmas akatangulia. Katikati ya ngazi, gizani, mama alisimama akashika ukuta.

"Mimi nashuka," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia.

Dalmas akavua koti lake la kazi. Akashika mkono mmoja wa koti, mwingine akaurusha nyuma bila kugeuka. "Shika hapo, mama."

Mama akashika. Wakapanda polepole, koti limenyooka katikati yao.

Juu, kila mmoja alisimama upande wake wa tangi. Dalmas akiwa ameyakodolea macho majumba ya Westlands, ambayo hakuwa na haja nayo, akauambia upepo: "Angalia kanisa ya msalaba nyeupe. Nyuma yake kuna mabati mpya. Hapo ndio kwetu."

Dalmas aliogopa kweli kwamba mama hataipenda.

"Na hayo majani ya kijani kando ya nyumba?"

"Ni mboga ya sukuma, mama. Nilipanda mimi."

Mama akacheka kidogo. "Mtoto akizaliwa, mnialike vizuri. Nataka kuingia hiyo nyumba."

Furaha ilimjaa Dalmas hadi ikabidi ashikilie ukuta, asije akageuka kumtazama.