Kabla ya Bei, Maman Cibalonza Huuliza Sakafu

Saa mbili asubuhi, soko la Nyawera, Bukavu. Papa Bulonza, mchimba dhahabu kutoka Luhwindja, anarukaruka mbele ya kibanda kimoja huku jasho likimtoka. Wabeba mizigo wamesimama kumcheka.

"Ruka na nguvu, Papa," anasema mwenye kibanda, Maman Cibalonza. Yeye hacheki. "Siku ya ndoa batu hawataruka kama padri."

"Maman, nilikuja kununua mashine, sikukuja kucheza!"

"Ruka."

Mezani turnediski kubwa inazungusha sahani ya muziki. Sanduku lake ni la mbao zinazong'aa, mali ya Mzungu aliyerudi kwao. Bulonza anapiga mguu chini. Sindano inaruka, na mwimbaji anakatwa katikati ya neno.

"Umeona? Na hapa uko peke yako."

Hivyo ndivyo Maman Cibalonza anavyouza turnediski kuukuu. Kabla ya kutaja bei anauliza maswali mawili: kwenu kuna umeme, na sakafu yenu ni ya nini? Asiyejibu haondoki na kitu.

Hakusomea redio. Alikuwa fundi wa cherehani huko Kadutu. Mwaka 1974 jirani alimletea turnediski iliyokufa, akaifungua, akakuta mkanda umekatika. "Nikasema, kumbe ni cherehani isiyoshona." Alikata mkanda mpya kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, akatia mafuta, ikazunguka. Miaka minne baadaye, kazi hiyo inalisha watoto watano. Mwezi mzuri anauza mashine tatu. Mwezi mbaya, hata moja. Kwa kuwa thamani ya pesa ya zaïre hubadilika kila mara, bei zake anazitaja kwa mbuzi.

Bulonza ana haraka. Jumamosi anamuoza binti yake wa kwanza. Mwaka jana, kwenye ndoa ya mdogo wake, miguu ya wachezaji ilitikisa nyumba na sindano ikaruka bila kukoma. Mtu akapata akili ya kuweka sarafu juu ya mkono unaoshika sindano ili uwe mzito. Sindano ikatulia, lakini ikazilima sahani kama jembe. Kabla chakula hakijaisha, muziki wote ulikuwa umegeuka kelele za mchanga. Wakwe waliaga mapema, na mpaka leo watu wanaiita nyumba ile "kwa Shwaa-shwaa".

"Mimi sitaki kuitwa hivyo," anasema Bulonza. "Nipe ile kubwa, bakwe baione."

"Kwenu kuko kuran ya umeme?"

"Hapana."

"Basi waya yake utaifunga kwa kamba ya mbuzi?"

Anatoa nyingine, ndogo, ya kijivu, yenye mikwaruzo, inayotumia betri za tochi. Bulonza anakasirika waziwazi.

"Maman, hii iko valizi ya vitabu ya mwanafunzi! Batasema Bulonza alianguka."

"Batasema nini kama diski inanyamaza?"

Anaiweka kwenye ubao, anafunga pembe nne kwa vipande vya mpira wa baiskeli na kuuning'iniza kwenye boriti ya kibanda. Mashine inaelea kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Bulonza anaruka. Wabeba mizigo nao wanaingia, watu wanne, wanaruka pamoja naye. Vumbi linapanda. Mwimbaji haachi hata neno.

Analipa bila kutabasamu.

Bulonza alipoondoka, Maman Cibalonza aliirudisha mashine kubwa mahali pake. Nusu ya wateja wake ni wachimbaji kutoka Luhwindja. Bulonza akiaibika mbele ya wakwe, hakuna mtu wa Luhwindja atakayesimama tena kwenye kibanda hiki. "Ile kubwa angeinunua," alisema. "Ningekula wiki moja, halafu ningefunga."

Jumanne Bulonza alirudi, sauti imemkauka.

"Maman, ulinidanganya."

"Iliruka?"

"Haikuruka! Bakwe bangu balikataa kwenda kwao. Mapile ya tochi yalikufa asubuhi, tukaendelea kuimba kwa midomo. Sasa sina mbuzi, sina pombe, sina sauti." Nyuma yake walisimama wanaume wawili wa Luhwindja. Mmoja aliuliza bei. Maman Cibalonza akamuuliza sakafu.

Sasa anataka kuhamia chumba kikubwa nyuma ya soko, chenye mlango unaofungika. Amekwisha kukubaliana na mwenye nyumba, isipokuwa jambo moja. Mzee huyo, kwa wema wake, anataka kumwaga sima, yaani saruji, juu ya sakafu ya udongo kabla hajaingia.

"Nimemwambia, Papa, acha udongo vile uko," anasema Maman Cibalonza, akipima mpira kwa vidole. "Kwao, bateja bangu hawachezi juu ya sima."