Mpiga Mbiu na Ubao wa Kioo

Kwa miaka kumi na moja nilimsomea Matonya matangazo ya serikali, na tangazo lililomhusu yeye mwenyewe ndilo nililomnyima. Naanza na hilo, asije mtu akasema nimelificha.

Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi moja ya kata, nje kidogo ya Dodoma, upande wa kwenda Mkonze. Jina la kata siliandiki. Matonya alikuwa mpiga mbiu wetu, Mgogo mrefu asiyejua kusoma, mwenye shamba la uwele ng'ambo ya korongo. Shamba lile alilirithi kwa baba yake, na ndilo lililomlisha yeye na mkewe Paulina, maana ujira wa pembe haukumnenepesha mtu. Nikimaliza kupiga chapa tangazo, alikuja kuketi kwenye benchi langu, nami nikamsomea mara mbili. Alifumba macho. Mara ya pili ikiisha alisimama akaenda nalo lote, tarehe na saa, halidondoki hata neno.

Alikuwa na desturi yake. Akifika kitongojini alipuliza pembe, akawaamkia watu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" kisha akasubiri. Asipoitikiwa hakusema kitu, hata kama ni kusubiri mpaka mtu arudi kutoka kisimani. Siku moja nilimtania.

"Babu, si useme tu uende zako? Watasikia."

"Mwanangu," akasema, "neno lisiloitikiwa halijafika. Limemwagika tu."

Mwaka wa tisini na nne ikaja orodha ya kupunguza wafanyakazi, na wa kwanza kupunguzwa akawa yeye. Mtendaji wetu mpya, bwana Gaudence, kijana wa suruali yenye mkunjo, alisema zama za pembe zimekwisha. Sasa ni uwazi, kila mwananchi ajisomee. Uwazi wenyewe ulianza na ubao wa mbao ukutani, nje. Gundi hatukuwa nayo, kwa hiyo tulipika uji mzito wa unga wa mtama tukabandikia. Mbuzi wakala. Walikula tangazo la chanjo, wakala la mkutano wa hadhara, wakala la uchaguzi wa wajumbe wa shule. Miezi ile hakukuwa na raia aliyezijua habari za serikali kuliko mbuzi.

Ndipo Gaudence akaagiza kabati la kioo lenye kufuli, likatundikwa ndani, karibu na mlango wake. Mbuzi hawakulifikia tena. Watu nao hawakulifikia, kwa sababu ofisi ilifunguliwa saa wanazokuwa shambani na kufungwa kabla hawajarudi. Niliona hivyo siku ileile ya kwanza. Sikusema.

Matonya aliendelea kuja kila Jumatatu, ingawa hakuna aliyemtuma tena.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Kuna neno?"

Likiwapo nilimsomea, naye akalipeleka bila malipo. Mpaka Gaudence aliponiita.

"Evelina, wewe ni karani au redio? Tangazo liko kwenye ubao. Ukimsomea mmoja, kesho tutaambiwa tunapendelea." Halafu, bila kuinua macho, akasema orodha ya pili iko njiani, na kata itabaki na mpiga chapa mmoja. Tulikuwa wawili. Nyumbani nilikuwa na watoto watatu na mama mgonjwa.

Mei iliyofuata, watu wakiwa katikati ya mavuno, nilipiga chapa hili: kila mwenye shamba ng'ambo ya korongo afike ofisini kuliandikisha ndani ya siku thelathini, shamba lisiloandikishwa litahesabiwa kuwa halina mwenyewe, na litapimwa viwanja. Nilitoa nakala tatu. Nilijua ni mashamba ya nani.

Jumatatu Matonya akaja. Mlango wa Gaudence ulikuwa wazi.

"Kuna neno?"

"Hakuna, babu."

Akanishukuru, akaniachia karanga mbichi mezani. Zilikuwa Jumatatu nne, na mara nne nilimjibu hakuna. Ya kwanza niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ya nne nilimjibu huku naingiza karatasi kwenye mashine, na sikuona kitu chochote. Karanga nilizila.

Orodha ya pili ilipobandikwa, jina langu halikuwamo. Hilo nalo sikulifurahia wala sikulihuzunikia. Nilirudi kukaa.

Julai wapimaji wakasimika mawe yao kwenye mabua ya uwele. Matonya alikuja siku hiyohiyo, vumbi mpaka magotini. Nilitamani apige kelele. Hakupiga. Gaudence alimpeleka mbele ya kabati akagonga kioo kwa kidole.

"Tulitangaza, mzee. Siku thelathini nzima. Hili hapa."

Matonya aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu.

"Mlitangaza," akasema. "Aliitika nani?"

Gaudence akacheka, akasema ubao hauitikiwi, ubao unasomwa. Kisha akaingia ofisini kwake.

Matonya akanigeukia. Nilidhani ataniuliza habari za zile Jumatatu. Hakuniuliza. Alikaa kwenye benchi langu, palepale pa siku zote, akaweka fimbo kati ya magoti.

"Nisomee, mwanangu."

Nikaichukua nakala iliyobaki kwenye jalada, nikamsomea. Alikuwa amefumba macho. Nikamsomea mara ya pili, tarehe na yote, na sauti yangu haikutetemeka. Nilipomaliza alifumbua macho.

"Naam," akaitika. "Sasa limefika."

Akachukua fimbo yake akatoka.