Mkono wa Meno Nje

Wivu wa Bi Saa haukuwa wa kufichika. Uwanja mzima wa mpira wa kikapu ulimjua: mama wa makamo anayekaa katikati ya meza ya makarani, kidole juu ya kitufe cha saa, jicho kwa mumewe. Mumewe ndiye refa mkuu. Miaka nenda miaka rudi walitoka nyumbani pamoja, wakarudi pamoja, wakibishana faulo njia nzima. Watu waliwatania kwamba hata ugomvi wa chumbani wanauamua kwa ishara za mikono.

Kisha akaletwa refa wa pili, dada mmoja mwenye miguu mirefu na kicheko cha karibu. Jina lake alikuwa nalo, lakini Bi Saa alimpachika la kwake: Meno Nje. Kila mapumziko dada huyo alikuwa na la kumnong'oneza mzee, na mzee, ambaye nyumbani hacheki mpaka abembelezwe, anacheka hadi mabega yanatikisika. Roho ilimuuma Bi Saa, tena ilimuuma kwelikweli.

Siku ya nusu fainali, sekunde za mwisho, timu zikipishana kwa pointi moja, mpira ukawa unarushwa kutoka nje. Meno Nje alisimama pembeni, mkono juu. Hapo kazi ya mtunza saa ni moja tu: kuutazama mkono ule, na ukishuka, abonyeze. Lakini dada alikuwa amempandishia mzee nyusi, na Bi Saa akataka kuona kama mzee atajibu. Akamtazama mumewe. Mumewe naye akatupa jicho mezani, macho yao yakagongana, na Bi Saa akayasoma kuwa macho ya mtu aliyefumaniwa. Mpira ukadakwa, ukadundwa, ukapelekwa mbele. Saa ubaoni ilikuwa imeganda kwenye kumi na tisa. Benchi la waliokuwa wanaongoza likasimama lote, likipiga kelele.

Mzee akapuliza filimbi, akaja mezani na mwenzake.

"Nilishusha mkono mchezaji alipougusa mpira," dada alisema. "Nikaanza kuhesabu zile sekunde nane za kuvuka nusu ya uwanja. Filimbi imelia niko kwenye saba."

Kanuni hapo haina longolongo. Saa ikikosewa, refa harekebishi kwa kukisia. Anahitaji mwenzake mwenye hakika, aliyeiona saa au aliyehesabu. Zitolewe saba, zibaki kumi na mbili, watu wacheze. Labda tu mtu aitie doa hesabu yenyewe.

"Mtunza saa," mzee aliuliza, "mkono uliuona ukishuka?"

Angesema aliteleza, angeonekana mzembe siku moja, yakaisha. Lakini akiri hivyo mbele ya meno yale? Tena mzee alikuwa anajua, si walitazamana? Bi Saa alitaka kuona, uwanja mzima ukishuhudia, mumewe atasimama na nani.

"Haukushuka," alisema. "Nilikuwa namwangalia yeye."

Mzee aliinama, akashusha sauti wasikie watatu tu.

"Ulikuwa unaniangalia mimi."

Akanyooka, akageuka ubaoni. "Toa saba."

Bi Saa alizitoa kwa kidole chake mwenyewe, uso ukimwaka moto. Mchezo ukaisha, hata hakujua nani ameshinda.

Njiani hawakubishana faulo hata moja. Walipofika mlangoni ndipo mzee akamwambia kwamba fainali ya Jumamosi ameomba mtunza saa mwingine.

"Kwa ajili yake?"

"Kwa ajili yako, mama watoto. Nikikuuliza kitu pale mezani, jibu lako ndiyo hakika yangu. Leo umenidanganya huku unajua kwamba najua."

Akaingia ndani kuvua viatu.

Bi Saa alibaki kizingitini. Aibu ilikuwepo, lakini si hiyo iliyomuuma. Ilikuwa ile Jumamosi: wale wawili uwanjani na vicheko vyao, na yeye huku nyumbani, hana hata kiti cha kukaa awaangalie.