Liza Kebo Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini, chefu wa atelye ya vipimo, mkuu wa karakana yetu, alinipa adapta mbili zilizofanana kama mayai ya kuku mmoja, akaniuliza tofauti yake. Nilizigeuza weee, sikuiona. Akasema, "Mama Kapinga, minye pia siko naona. Njo maana niko naogopa. Na weye uogope." Nilidhani ananitania. Leo nimestaafu, nakaa hapa Likasi na magoti yangu mabovu, na bado naogopa.

Ninyi vijana mnaochezea elektroniki nyumbani, mnaonunua sokoni adapta za série, zile za kuunganisha kompyuta na mashine, kwa kuangalia sura, nisikilizeni. Ile yenye pini tisa upande mmoja, na upande wa pili tundu la kebo bapa, haina mpangilio mmoja duniani. Pini ya pili na ya tatu ni mdomo na sikio. Adapta moja inazipeleka moja kwa moja, nyingine inazikatisha ili mdomo wa mashine hii ukutane na sikio la ile. Ukikosea hapo, mashine zinanyamaza tu, hujaharibu kitu. Pini ya tano ndiyo ya kutisha. Hiyo ni masse, waya wa kurudishia umeme. Watengenezaji wengine hupitisha kwenye kebo ileile umeme wa kulisha kiskrini kidogo, na ukichukua adapta ya mtengenezaji mwingine, umeme huo unaweza kuangukia kwenye pini ya tano. Utasikia harufu ya kuungua, basi.

Ndiyo sababu tulikuwa na desturi ya kuliza kebo. Unaweka multimetre, kile kipima umeme, kwenye mlio, unagusa waya upande huu na pini upande ule: ikilia, zimeungana. Ukimaliza kuliza, unafunga kipande cha kitenge kwenye adapta. Zangu zilizokatishwa zilikuwa na maua mekundu, za moja kwa moja bluu, na ile ya kuunguza niliifunga kitambaa cheusi cha msiba.

Kisha nikahamishiwa kwenye pampu za kunyonya maji ya machimbo, nikaenda na adapta zangu. Chefu wa pampu alikuwa mtu safi, mtu wa mbio. Wakurugenzi walipotaka kuja kutembelea, alisimama mlangoni akashika kiuno. "Hii ni atelye, ao ni soko ya bitenge? Tosha bile bitambaa yote!" Tulicheka, tukafungua vitambaa, adapta zote zikatiwa kwenye sanduku moja. Wageni walisifu usafi. Mimi nilipanga kuziliza upya mara watakapoondoka.

Kesho yake asubuhi, kabla sijafungua sanduku, pampu zilikatika. Otomati, kile kisanduku kinachoziamuru, kilikuwa kimepoteza programu yake. Na chini kwenye shimo la maji alikuwemo Mwansa, fundi wa mitambo, mguu wake umebanwa na matope chini ya chujio. Wenzake walimvuta bila kumtoa. Maji yalianza kupanda.

Programu ya kuirudishia ilikuwa kwenye kompyuta moja tu, na lazima ipitie kwenye adapta. Nikiunguza mlango wa kuchomekea kebo wa kompyuta ile, hakuna pampu itakayowaka tena siku hiyo. Nilifungua sanduku nikaona adapta zinaniangalia, zote safi, zote sawa.

"Branche!" chefu alinipigia kelele nichomeke. "Bantu bako chini! Uko nangoja nini?"

"Chef, sijue ni gani. Niache nilize kwanza."

"Maji iko nafika ku kifua!"

Wanasema haraka haraka haina baraka. Lakini mtu akiwa anazama, kukawia nako kuna baraka gani? Niliogopa kuchomeka, niliogopa kutochomeka. Nikaliza. Kwenye adapta ya kwanza, waya wa umeme ulilia kwenye pini ya tano. Ilikuwa ile ya msiba. Ya pili ilikuwa ya moja kwa moja. Ya tatu ililia nilivyotaka: pili kwa tatu, tatu kwa pili, masse kwa masse. Nikachomeka, programu ikaingia, pampu zikanguruma. Niliketi sakafuni nikalia.

Mwansa alitolewa akiwa hai, maji yameshafika kwenye kidevu. Nilikwenda kumwona hospitalini, nikitarajia neno zuri. Alinitazama kwa macho makavu. "Mama Kapinga, minye nilikuwa nakunywa maji. Weye ulikuwa nafanya nini kule juu muda ile yote?" Alikuwa bado anakohoa tope; nilimshikia bakuli, kisha nikaaga. Tulisali parokia moja miaka mingi bila kulizungumza jambo hilo tena.

Mtu akistaafu anadhani woga nao utastaafu. Wangu ulihamia Kakanda, kwenye machimbo mengine, ambako binti yangu Nadège anafanya kazi ileile niliyoifanya. Mwana wa Mwansa yuko hukohuko, fundi wa mitambo kama baba yake.

Juzi Mwansa alikuwa kwangu, amekuja na mkongojo wake kuulizia misa ya jumuiya. Simu ikalia. Nadège, sauti juu juu.

"Mama, pampu zimekatika. Adapta ni ya mupya, sijue fil zake, waya gani inaenda ku pini gani. Chef iko naniambia nibranche tu."

"Nani iko chini?"

"Mutoto ya Papa Mwansa. Maji iko napanda."

Simu ilikuwa kwenye spika. Sikuthubutu kumgeukia mzee yule, wala kumwambia binti yangu mbele yake neno nililomfundisha tangu utoto.

Mwansa aliinama juu ya simu.

"Nadège," akasema, "liza kwanza. Mutoto yangu atangoja."