Nyasi za Paa Langu

Sijawahi kumpenda nyumbu. Hilo niliseme mapema, maana siku hizi mtu akisikia nimeishi Serengeti anadhani nililelewa nikiwaimbia wanyama. Nyumbu ana uso wa mtu aliyepewa habari mbaya asubuhi, ana ndevu bila busara, na akipita shambani kwako hakuachii hata cha kusimulia. Ila namheshimu. Heshima hiyo ina sababu moja, na nimekaa nayo kimya miaka mingi kwa kuwa haikuwa siri yangu peke yangu.

Mimi ni Mkurya wa Tarime, wa kule juu upande wa Matongo. Niliolewa miaka ya hamsini katika ukoo uliokuwa umeshuka kutafuta ardhi mpya karibu na mto Manchira, wakati Mugumu yenyewe ilikuwa vibanda vichache na vumbi. Kule tulikuwa wageni. Nyumbani nilizoea nyasi za kufika kwenye kifundo cha mguu, zinazoliwa na ng'ombe hadi zinaona haya. Huku nyasi zilinifika kifuani, na ndani yake mlikuwa na ngiri, kware, swala, nyoka wa kila rangi, na vingine ambavyo nilivisikia tu vikikimbia na sikutaka kuvijua.

Bibi arusi wa kwetu hajawa mtu hadi alale chini ya paa lake. Mimi nilikuwa bado nalala kwa mama mkwe, na baba mkwe alikuwa na nyumba yake pembeni. Nyumba yangu ilikuwa imesimama pale uani, miti imeshindiliwa na udongo umekandikwa, imebaki kuezekwa. Na upande wa mashariki wa mji wetu, kama tuitavyo boma la ukoo, palikuwa na nyasi za kuezekea ambazo sijaona mfano wake: ndefu, zimenyooka, shina gumu, ukanda mpana ulioanzia karibu na zizi la mbuzi. Kila nikipita nilizishika. Wanawake wengine walipenda kanga, mimi nilipenda nyasi zile.

Mwishoni mwa masika alipita jirani yetu, mzee Mwikoma, wa kabila la wenyeji wa pale, aliyekuwa mwindaji tangu ujana wake. Watu wake waliijua nchi ile kabla sisi hatujaiota. Alisimama, akatazama mji wetu ulivyozungukwa, akatikisa kichwa.

"Nyinyi watu wa milimani, hiyo nyasi mnaifuga ya nini?" alimuuliza baba mkwe. "Choma pembeni ya mji sasa hivi, ingali na maji. Moto utatembea polepole kama mzee. Ukingoja mwezi wa nane, utakuja wenyewe, na huo hauna adabu."

Baba mkwe alimsikia. Alichoma kusini, magharibi na kaskazini, jioni moja baada ya nyingine, akiufuata moto na tawi bichi mkononi. Lakini mashariki palikuwa na nyasi zangu. Nilimwendea mama mkwe, nikamwomba amwombe mumewe aziache hadi nimalize kuvuna ulezi nipate nafasi ya kuzikata. Akamwomba. Baba mkwe akakubali.

Ilibidi nipitie kwa mama mkwe kwa sababu kwetu mke wa mwana na baba wa mume hawaongei ovyo. Hawatazamani usoni. Hawashikani hata mkono, na mke haingii pale baba mkwe anapolala. Si uadui, ni heshima, na ikivunjwa wazee huitwa, kondoo huchinjwa, na maneno hubaki vijijini muda mrefu kuliko nyama ya kondoo. Ikitokea mmebaki wawili na kuna la kusema, mnalisema kwa kitu kingine. Sisi tulikuwa na mbwa mwekundu, mvivu, na baba mkwe alimtumia sana. "Mbwa, mtu akienda mtoni asisahau kibuyu changu." Mimi nilisikia, nikachukua kibuyu, na mbwa akaendelea kulala.

Basi mwezi wa saba nyumbu wakaja. Pale palipochomwa palikuwa pameshaota majani mabichi, laini, na wao wana pua za kunusa majani mabichi kutoka nchi ya mbali. Siku nne niliwafukuza. Nilisimama kwenye ukanda wangu na debe bovu la mafuta ya taa, nikalipiga hadi viganja vikavimba. Nyumbu akishtuka hukimbia hatua kumi, kisha husahau alichokimbia.

Alfajiri ya siku ya tano usingizi ulinishinda. Nilipotoka nje, sikuona nyasi, niliona migongo. Walikuwa wengi kiasi kwamba sauti yao ya kukoroma niliisikia tumboni. Walikaa siku tatu, wakila mabichi ya pembeni na kwenda kulala juu ya nyasi zangu. Laiti wangezila ningesema walikuwa na njaa. Walizikanyaga tu, wakazivuruga, wakajikuna, wakapigania majike juu yake, kisha wakaondoka wote kwa mstari kuelekea kaskazini, na yangeyange wakiwafuata nyuma. Pale penye paa langu palibaki vumbi, mavi na vishina. Siku chache baadaye walikuja dundu wakawa wanaviringisha yale mavi kwa furaha kabisa, kila mmoja na mpira wake. Nililia kwa hasira. Mama mkwe alijaribu kunituliza, akasema nyasi hazijaisha duniani, nikazidi kulia. Tangu siku hiyo nikaununia upande wa mashariki. Nikienda shambani nilizunguka nyuma ya zizi ili nisiutazame.

Kabla mwezi haujaisha baba mkwe naye akapata lake. Alikuwa akifuata mbuzi aliyepotea, akatumbukia mguu mmoja katika shimo la muhanga, mfupa wa chini ukavunjika. Aliletwa amebebwa, akaungwa na mtaalamu wa mifupa, akafungwa vijiti, akaambiwa alale hadi mwezi mwingine uandame. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu aliyevunjika guu alikuwa mkuu mwenyewe, na aliyemzuia kusikia nilikuwa mimi.

Siku ya moto tulikuwa wawili tu mjini. Mume wangu alikuwa na ng'ombe kwenye madimbwi ya Manchira. Mama mkwe alikuwa ametoka asubuhi kwenda kumwona binti yake aliyejifungua, mwendo wa nusu siku. Mimi nilikuwa uani napeta ulezi. Upepo ulivuma kutoka mashariki, mkavu, wa kupasua midomo.

Kwanza niliona mwewe. Walikuwa wengi, wakizunguka chini chini, na nikakimbia kufunika vifaranga kwa ungo. Lakini hawakuwa na haja na vifaranga vyangu. Walikuwa wakidaka panzi hewani, na panzi walikuwa wakikimbia kitu. Ndipo nikasikia harufu. Nilipotazama, ng'ambo ya zizi la mbuzi, nchi yote ya mashariki ilikuwa moshi, na chini ya moshi ukuta wa moto mrefu kuliko nyumba. Swala walipita katikati ya uwanja wetu kana kwamba hatupo. Sungura alipita karibu na mguu wa mbwa, na mbwa hakumgusa.

"Mbwa," sauti ya baba mkwe ilitoka ndani. "Hiyo ni nini?"

"Mbwa," nilisema, nikiwa nimesimama nje ya mlango, "mwambie baba ni moto, na unatoka mashariki."

"Ni mkubwa?"

"Mwambie ni mkubwa."

"Basi mwambie mtu huyo afungue mbuzi, akimbilie mtoni. Sasa hivi."

Nilifungua mbuzi. Nikawafukuza kuelekea mtoni, nikarudi mlangoni. Nilijua jambo moja tu, kwamba moto ule ulikuwa unakuja kupitia mlango nilioomba mimi usifungwe. Mzee yule aliacha upande mmoja wa mji wake wazi kwa ajili ya paa la mke wa mwanawe, na sasa alikuwa amelala ndani hawezi hata kusimama.

"Mbwa, mtu huyo bado yupo?" aliuliza.

"Mbwa, mwambie baba kwamba mtu huyo haendi mtoni peke yake."

"Mwambie mimi sibebwi na yeye. Mwambie anaelewa kwa nini."

"Mwambie naelewa. Mwambie kondoo wa kuchinja yupo. Baba mkwe mwingine sina."

Sijui nilipata wapi ulimi ule. Mbwa mwenyewe alikuwa ameshakimbia na mbuzi, tulikuwa tunaongea na mahali alipokuwa amelala. Moto ulikuwa unalia sasa, kama mvua kubwa inapokuja juu ya mahindi, na majivu yalikuwa yanaanguka uani. Kisha baba mkwe akasema kwa sauti ndogo, bila mbwa wala nini:

"Mwanangu. Ingia."

Niliingia. Sikumtazama usoni, naye aligeuzia uso ukutani. Nilichuchumaa, akanishika mabega kutoka nyuma, nikapitisha mikono chini ya mapaja yake, nikasimama. Aliguna mara moja kwa maumivu ya mguu, basi. Tulitoka mlangoni hivyo, na nikageuka mara moja tu kuangalia moto uko wapi ili nijue kama nitauwahi mto.

Ulikuwa umefika kwenye ukanda wangu. Nikauona ukikaribia ukingoni, ukuta mzima, na nikauona ukiinama. Ulishuka kutoka juu ya paa hadi kiunoni, kutoka kiunoni hadi gotini, ukatafuta cha kula ukakuta vumbi na mavi ya nyumbu. Ukatambaa kidogo huku na huku, ukilamba vishina. Pembeni kaskazini ulijaribu kuzunguka, ukakutana na pale alipochoma baba mkwe, penye majani mabichi mafupi, ukafa. Upande wa kusini vilevile. Sauti ile kubwa ikakatika, tukabaki tunasikia panzi na mbuzi wakilia mbali.

Nilisimama pale na mzee mgongoni kama mjinga. Ndipo nikakumbuka nimebeba nini. Nilimshusha taratibu kivulini, kwenye kiambaza, nikamwekea gunia chini ya mguu. Kisha nilikata tawi bichi nikaenda kuua vimoto vilivyobaki, kimoja kimoja. Mavi ya nyumbu yalikuwa yanafuka moshi hapa na pale, na nilicheka. Nilicheka huku nikilia, na nilikuwa nayapiga na tawi na kuyashukuru kwa wakati mmoja. Mwezi mzima nilikuwa nimewalaani wanyama wale kwa majina yote niliyoyajua ya Kikurya, nao walikuwa wamelala pale, wakajikuna, wakanifagilia uwanja wa kuniokoa. Kifua changu kilikuwa chepesi hata nikaona aibu.

Niliporudi uani mbwa alikuwa amerejea, amelala mahali pake. Baba mkwe alikuwa anamtazama.

"Mbwa," alisema, "ulichokiona leo hukukiona."

"Mbwa," nilijibu, "mwambie baba kwamba hata mtu mwingine hakuona kitu."

Tulicheka sote wawili, kila mtu akitazama upande wake.

Mama mkwe alirudi jioni akikimbia, maana moshi ule aliuona kutoka mbali. Alipotukuta wazima alikaa chini, akatua mzigo, akapumua kwa muda mrefu. Ndipo akamwona mumewe kwenye kiambaza.

"Nani amekutoa nje?"

"Nimejikokota," alisema baba mkwe.

Mama mkwe alitazama sakafu ya udongo, ambayo alikuwa ameifagia mwenyewe asubuhi kabla ya kuondoka, na haikuwa na mstari wowote wa mtu aliyejikokota. Kulikuwa na nyayo, tena nyayo za mtu mmoja. Alinitazama, akamtazama, akachukua ufagio akafagia pale mlangoni polepole.

"Mjikokotaji," alisema, "bado una homa. Nikupikie uji."

Nyumba yangu niliiezeka mwezi uliofuata kwa nyasi za ng'ambo ya mto, fupi na zenye mafundo. Mvua ya kwanza iliponyesha paa lilivuja mahali pawili, na nililala chini yake kwa raha ambayo sijaipata tena katika nyumba ya bati. Masika yaliyofuata baba mkwe alichoma pande zote nne, na mimi ndiye niliyeshika tawi bichi upande wa mashariki. Nyumbu walipokuja sikutoka na debe. Mzee Mwikoma alipita, akatazama mji, safari hii hakutikisa kichwa.

Baba mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo, akichechemea kidogo, akiongea na mbwa yule na waliomfuata. Alikufa kwa uzee, kitandani mwake, wajukuu wakimzunguka. Walipomtoa, sisi wake wa wanawe tulisimama mbali, kama inavyotakiwa, tumeinamisha vichwa, na wanaume wanne wakambeba. Mke wa shemeji yangu aliyekuwa kando yangu alininong'oneza kwamba mzee anaonekana mzito.

Nilizidi kuinamisha kichwa. Miaka ile yote, nikikumbuka moto ule, nilikuwa najiuliza kama ningefika naye mtoni kama nyumbu wasingelala pale. Jibu nilikuwa nalo tangu siku ile, mgongoni. Alikuwa mwepesi. Ningemfikisha.